Barua ya Wazi kwa Vijana wa Dodoma: Mmemkana Nani Ndani ya Treni?

Mbukwenyi, wanangu na wajukuu zangu,

Barua hii ningewaandikia wale wanaotucheka, lakini nililolisikia wiki iliyopita ndani ya treni ya umeme limenifanya niwageukie ninyi kwanza. Tulipokwisha kuipita Morogoro tukija nyumbani, abiria mmoja wa Dar es Salaam aliwaambia vijana wetu wanne kwamba Dodoma mtoto hufundishwa kuombaomba kabla hajafundishwa kutembea. Vijana hawakukosa la kusema: walimtajia mafuriko ya Jangwani, mbu, jasho na foleni, wakamkumbusha kuwa makao makuu ya nchi yako kwetu. Hadi hapo nilivumilia. Kisha mmoja wao, mwenye lafudhi ya Kigogo isiyojificha, akasema, "Wale ombaomba ni watu wa vijijini huko, sisi wa mjini hatuwajui," na wenzake wakacheka pamoja na yule yule aliyewatukana.

Mnawajua vizuri sana, wanangu. Ni shangazi zenu na babu zenu. Ugogo hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua ikikatika Februari, mtama ukiwa bado haujakomaa, hakuna msimu wa pili wa kusubiri. Bibi yangu alinisimulia habari za Mtunya, njaa kuu iliyotukumba kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kuwabebea mizigo, hata mvua zilipokosekana watu wakawa hawana akiba yoyote. Waliobaki na nguvu waliondoka kwa miguu kwenda kutafuta chakula kwa majirani, na wengi hawakurudi. Hao ndio mnaowaonea haya. Mtu mvivu hawezi kuchimba kisima katika mchanga wa mto mkavu, wala kuchunga ng'ombe mahali ambapo majani hukauka kwa zaidi ya nusu ya mwaka, na kazi hizo ndizo zilizowasomesha baba zenu.

Wala aibu hiyo si ya Wagogo peke yao. Nchi hii iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, ikachukua zaidi ya miaka 40 kabla Serikali haijahamia kweli, na hata sasa tunapenda kupima maendeleo yetu kwa majengo ya mji wa Serikali wa Mtumba kuliko kwa maji na chakula cha vijiji vinavyotuzunguka. Mzee anayenyoosha mkono barabarani anatudai sisi sote, na kumgeuza kuwa kichekesho ni njia rahisi ya kulikwepa deni hilo.

Naomba pia muache kulifanya jina la Mirembe kuwa tusi, maana hata ninyi nimewasikia mkiambiana hivyo. Hiyo ni hospitali ya taifa inayotibu wagonjwa wa akili kutoka mikoa yote, wakiwamo ndugu wa hao wanaotucheka.

Mengine sitayarefusha. Mizabibu yetu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kongwa iliwapokea wapigania uhuru wa Msumbiji, Namibia na Afrika Kusini katika miaka ya 1960, wakati ambapo si kila mji ungethubutu kufanya hivyo. Mwanamuziki wetu Hukwe Zawose alizipeleka sauti za zeze na ilimba, ala za Wagogo, hadi Ulaya. Kijana anayeyajua haya kwa undani hahitaji kumtajia mtu mbu wa kwao, na mafuriko ya Jangwani yanayowatesa maskini wa Dar es Salaam yasiwe silaha mikononi mwenu, kama mnavyochukia ukame wetu ufanywe silaha.

Mkirudi Dar es Salaam, na mkamkuta mama wa Kigogo ameketi kando ya barabara na mtoto mgongoni, msipite mkiwa mmeinamia simu zenu. Msimame mbele yake, mumwambie "Mbukwa", kisha mumuulize anatoka kijiji gani na mvua za huko zimekuwaje mwaka huu.