Kuondoa rovu si upasuaji mdogo

Ndugu Mhariri,

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini, ambako rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi iliyo shingoni, si jambo geni, tumezoea kuambiwa hospitalini kwamba kuliondoa ni upasuaji mdogo. Dada yangu aliambiwa hivyo. Usiku wa pili baada ya kupasuliwa alihisi ganzi midomoni na vidole vikaanza kukakamaa, lakini muuguzi wa zamu alidhani ni woga tu, hadi asubuhi ilipobainika kwamba kalsiamu yake ilikuwa imeshuka. Sauti aliyokuwa akiongozea kwaya haijarudi mpaka leo.

Daktari wake simwiti mzembe. Ni bingwa wa upasuaji wa jumla, ambaye pengine wiki hiyohiyo alishughulikia ngiri, utumbo uliojisokota na majeruhi wa bodaboda. Lakini shingo inataka mkono uliozoea shingo: nyuma ya tezi ya thairoidi hupita neva nyembamba inayoendesha nyuzi za sauti, na papo hapo hukaa tezi nyingine, kwa kawaida nne, ndogo kama punje za mchele, zinazodhibiti kalsiamu ya mwili mzima, ambazo asiyezizoea huweza kuzidhania kuwa mafuta na kuziondoa pamoja na rovu.

Ndiyo maana Marekani daktari anayetaka kubobea katika upasuaji wa tezi za homoni, zikiwemo zile za juu ya figo, humaliza kwanza miaka 5 ya upasuaji wa jumla, kisha huongeza mwaka mmoja au zaidi akifanya kazi hiyo chini ya wabobezi. Utafiti uliochapishwa huko mwaka 2017 ulionyesha kwamba madhara hupungua kwa daktari anayeondoa thairoidi kwa zaidi ya wagonjwa 25 kwa mwaka. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909, alifanya maelfu ya upasuaji wa rovu. Hata hivyo ni kwa kuwaita tena wagonjwa wake wa zamani ndipo alipogundua, mwaka 1883, kwamba wale aliowaondolea tezi yote walikuwa wamezubaa na kuvimba. (Siku hizi wangepewa vidonge vya thairoksini, homoni ambayo tezi hiyo hutengeneza.) Dada yangu hajaitwa na mtu.

Sitarajii kila mkoa upate daktari bingwa bobezi wa tezi. Ninachoomba ni kwamba wagonjwa wa rovu wasio wa dharura wakusanywe katika hospitali chache, mikononi mwa madaktari wachache watakaoifanya kazi hiyo kila wiki na kuwafundisha wenzao, na kwamba kalsiamu ipimwe baada ya upasuaji bila kusubiri vidole vikakamae. Gazeti lenu nalo lingetusaidia kwa kuziuliza hospitali za rufaa swali ambalo sisi hatukujua kuliuliza: daktari huyu ameondoa rovu ngapi mwaka huu, na wangapi kati ya wagonjwa hao walipoteza sauti?

Mwalimu mstaafu,
Njombe