Mume wangu ameniita ng'onda

Shangazi, assalamu alaykum.

Nakuandikia saa tisa ya usiku, nimekaa ukumbini, taa nimezima. Ati ng'onda, samaki mkavu. Mbele ya mamake, mbele ya wifi zangu wawili, Ijumaa, sinia ya pilau ipo kati yetu: "Ningetaka ng'onda ningekwenda kununua sokoni." Wakacheka wote. Mie nikainuka nikenda kuosha vyombo.

Ujue kwanza sikuanza mazoezi kwa urembo. Mwaka jana nilipima sukari asubuhi sijatia kitu tumboni, ikaja 6.4. Presha 148 kwa 92. Kilo 91, na urefu wangu sentimita 160 tu. Daktari akanambia sukari bado hujaingia, ikifika 7 ndio umeingia, lakini umo njiani. Mamangu alikatwa mguu kwa sukari, Shangazi. Kile kidonda nikikifunga mie kwa mikono yangu. Sasa wanataka nisubiri nini?

Wala sikujitesa kwa njaa. Niliambiwa nikipunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito mwili utaona tofauti, na nitembee kwa haraka dakika 150 kwa wiki. Basi nikafuatana na kina mama wa mtaani. Tukishasali Alfajiri tunatoka, mie na buibui langu na raba, tunazunguka kiwanja cha Maisara, jua likichomoza nishabandika chai ya watoto. Sijaichelewesha hata siku moja, nakuapia. Chapati nimetoka tatu hadi moja, chai naywa bila sukari, wali wa nazi mchana tu. Miezi minane, nipo kilo 84. Sukari 5.4, presha 126 kwa 80. Kilo 84 ndiyo ng'onda hiyo? Mpaka leo daktari ananihesabu mnene!

Nahisi kilichomuuma ni bangili. Zile za harusi, miaka 14 hazitoki mkononi ila kwa sabuni. Siku hiyo naosha mchele, moja ikateleza yenyewe, ikalia chini ya beseni. Yeye kasimama mlangoni. Akaitazama, hakusema kitu. Wiki ile ile ndio maneno ya ng'onda. Na wifi keshaniuliza kama nimepima "ile nyingine", jirani naye anasema mume hanilishi. Najua yanamchoma, mwanamme kwetu hutazamwa kwa mwili wa mkewe. Lakini si angenambia chumbani? Kwa nini mbele ya mamake?

Mimi sijali anachosema. Ila tangu siku ile, leo siku ya 11, sijakanyaga Maisara, na jana nimekula vitumbua sita nimesimama jikoni, hata ladha sikuisikia. Na hiyo miezi miwili ya mwisho mzani ulikuwa hausogei, nikasema basi natembea bure. Mtoto wa dada yangu anasomea uuguzi, akanigombeza. Anasema msuli ukitembea unavuta sukari iliyomo kwenye damu hata kilo zikikaa pale pale, na ukiacha siku chache tu faida ile inaanza kupotea. Akanieleza Marekani walifuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa kama mie, wanene na sukari imewapanda kidogo, majibu yakatolewa mwaka 2002: waliopunguza uzito na kutembea hizo dakika 150, walioingia kwenye sukari walipungua kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin, asilimia 31. Miguu imeshinda dawa, Shangazi. Nami nimekaa nyumbani kwa neno moja la mezani.

Niseme na hili. Tangu saa sita nimemsikia mume wangu akenda chooni mara nne. Kila akirudi anapita kwenye jagi, anakunywa maji gilasi nzima. Ni wiki kadhaa sasa. Kitambi chake kinazidi, suruali za kazini amezitoa kwa fundi mara mbili, na mchana akishakula analala kama kapigwa. Mamangu alianza hivi hivi. Nikimwambia akapime atasema namlipizia ng'onda yake. Nikinyamaza, je?

Sitaki umseme, ni mume mwema, watoto hawajalala njaa. Lakini huwa anausoma ukurasa wako, kwa hivyo andika neno akutane nalo. Au usiandike. Nambie tu nimwanzeje, na kama nirudishe kilo tatu nne ili awe radhi kunisikiliza. Raba zangu zipo nyuma ya mlango. Huyo kainuka tena, nasikia jagi.

Mama wa watoto watatu,
Kikwajuni, Unguja