Mfupa kwanza Mama, meno baadaye

Shikamoo Mama, na wote hapo nyumbani hamjambo. Mimi mzima kabisa, shavu limeshashuka, na ile sauti ya puani mliyoisikia kwenye voisi noti ni pua tu ilikuwa imeziba, hawajaniharibu. Naandika maana kwenye simu kila mtu anauliza lake kwa wakati mmoja halafu chaji inaisha sijajibu hata moja, na nimesikia Baba Mdogo naye kaambiwa taya la juu halina mfupa wa kutosha kuwekewa meno ya skrubu na sasa haendi tena hata kuuliza. Dada naomba umsomee Mama taratibu na Baba Mdogo awepo.

Mama uliniuliza, umekwenda kwa ajili ya meno inakuwaje umetoka bila meno? Ni kwamba operesheni hii haikuwa ya meno, ilikuwa ya mfupa. Pembeni mwa pua, juu ya magego ya juu, kila upande kuna uwazi una hewa tu ndani, ndo sainasi, hiyohiyo inayogonga ukiwa na mafua makali. Mizizi ya magego iko jirani kabisa na sakafu yake. Gego likishang'olewa ule mfupa uliokuwa umelishika hauna tena cha kushika, unaanza kunywea, na sainasi nayo huko juu inajitanua kushuka chini, kwa hiyo mfupa unaliwa pande mbili na miaka ikipita kinabaki kiukanda chembamba. Daktari alinionyesha kwenye CT skani ya taya, ile inayoonyesha pande zote, maana eksrei ya kawaida ni bapa haikuambii unene. Kwenye skrini sainasi ni jeusi kubwa, chini yake kamstari keupe ndo mfupa wangu, akaweka kipimo, milimita 3. Impulanti, ile ya kushikia jino la bandia, ni skrubu ya titaniamu na nyingi zina urefu wa milimita 8 mpaka 12, sasa ukiipiga kwenye milimita 3 si inatokea kwenye hewa? Itashikwa na nini?

Ndo maana wananyanyua sakafu ya sainasi. Wanakupiga ganzi, wanafunua fizi kwa pembeni, wanachonga kadirisha kwenye ukuta wa mfupa. Nyuma ya hako kadirisha kuna utando, ndio unaofunika sainasi kwa ndani, na huo ndo roho ya kazi yote. Kumbukeni ile ngozi nyeupe ya ndani ya ganda la yai, basi ni mwembamba hivyo, na mtu anatakiwa aubandue kwenye mfupa kidogokidogo na vijiko vidogo mpaka unyanyuke bila kutoboka, halafu chini yake pale palipopatikana nafasi ndo wanajaza mfupa. Maumivu sikusikia, nilichosikia ni kelele, kichwa kizima kinatetemeka. Kuna wakati daktari aliacha kila kitu akaniambia vuta pumzi kwa pua, sasa toa, akawa anachungulia tu, baadaye nikaelewa alikuwa anautazama utando unavyopanda na kushuka na pumzi yangu, ukicheza hivyo ni dalili nzuri kwamba haujatoboka. Mama mimi nililala pale nikasema huyu mtu anaijua kazi yake.

Na nisiwafiche, kutoboka kwa huo utando ndo tatizo linalotokea zaidi kwenye operesheni hii. Tundu likiwa dogo wanaliziba na kipande cha kolajeni, yaani kiraka laini cha protini ya mnyama, wanaendelea, likiwa kubwa wanafunga, unapona, mnarudi baada ya miezi. Kwa hiyo Baba Mdogo, daktari akikuambia leo tusimamie hapa usimwone hajui, mwenye kulazimisha ndo wa kuogopa.

Sasa hili la mfupa wa ng'ombe, ambalo najua ndo limewanyima usingizi. Ni kweli Mama, niliowekewa mimi ni wa ng'ombe, lakini umeshasafishwa ukatolewa nyama, mafuta na protini zote yakabaki madini tu, punje ndogo nyeupe kwenye kichupa. Nesi alizimimina kwenye kibakuli akazilowesha na damu yangu mwenyewe zikageuka nyekundu, ndo wakaanza kuzipakia. Mfupa wangu utaota katikati ya hizo punje na kuzishikilia. Wengine wanawekewa wa binadamu aliyechangia, wengine wa kutengenezwa maabara, wengine wao wenyewe unachukuliwa kidevuni au nyuma ya taya la chini. Zamani walikuwa wanachukua hata nyonga, maana jambo lenyewe sio jipya, daktari wa meno Mmarekani Hilt Tatum alikuwa anaifanya operesheni hii miaka ya 1970 na madaktari wenzake Boyne na James wakaichapisha 1980. Ila ulizeni kabla ya siku ya operesheni ni mfupa wa nini na kolajeni ya mnyama gani, kwa sababu nyingine inatoka kwa nguruwe, na kama imani yako hairuhusu semeni mapema watafute nyingine. Mimi niliuliza na walinijibu vizuri tu bila kuninunia.

Baada ya hapo ni kusubiri, na hapa ndo nataka mnielewe kabisa. Miezi 4 mpaka 9 mfupa ukomae, ndo skrubu iwekwe, halafu miezi mingine skrubu ishikane na mfupa, ndo jino lije juu. Msiniulize kila wiki lini, kipindi hiki ambacho mnaona hakuna kinachofanyika ndo mfupa unafanya kazi yake, ukiuwahi skrubu inalegea na yote yanarudi mwanzo. Kwa mwenye milimita 5 na kuendelea mara nyingi wanaweka skrubu siku hiyohiyo, na kuna njia ndogo zaidi ya kupandia kutokea chini kwenye tundu lenyewe la skrubu, ilielezwa na daktari Summers 1994, haihitaji dirisha. Kwa hiyo Baba Mdogo swali lako la kwanza liwe nimebakiwa na milimita ngapi. Neno "huna mfupa" peke yake halitoshi kukukatisha tamaa, na pia halitoshi mtu akupasue. Ulizia na impulanti fupi, ulizia daraja, yaani jino la bandia linaloshikwa na meno ya jirani, hata meno ya kuvaa na kuvua sio aibu.

Ila Baba Mdogo sigara. Nakuomba kwa heshima zote, sigara inaua huu mfupa, na sukari yako lazima iwe imetulia kabla hawajakugusa. Mama na wewe kama siku moja utataka kufanya, zile dawa zako za mifupa watajie kwa jina, baadhi yake zinaharibu uponaji wa taya.

Mimi kwa sasa sitakiwi kupenga kamasi kabisa, chafya ikija nafungua mdomo itokee huko maana presha ya pua inaweza kuusukuma utando na punje zote zikahama. Mrija hapana, kupanda ndege hapana mpaka waniruhusu, ndo sababu safari nimesogeza mbele, sio kwamba sitaki kuja jamani. Nalala nimeinua kichwa kwa mito. Damu kidogo puani siku za mwanzo ilinitisha lakini walishanionya ni kawaida. Isiyo kawaida ni homa, usaha, harufu mbaya, au uvimbe unaozidi kukua badala ya kushuka baada ya siku 3, hapo unarudi kwa daktari siku hiyohiyo huongojei kesho.

Dada, Baba Mdogo akishapiga skani usiipige picha kwa simu kwenye skrini yao, haisomeki. Aombe faili zenyewe kwenye CD au flashi, unitumie, nitampelekea daktari wangu aiangalie na nitawaambia alichosema kama kilivyo.

Wasalimie wote.

Mwanao akupendaye.