Risala ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Usalama Barabarani

Ndugu mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Risala yetu ni fupi, nayo inahusu barabara inayopita mbele ya lango letu.

Kibao cha mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa kipo. Ila kiko upande mmoja tu, na matawi yameshakifunika nusu. Dereva anayetokea upande wa pili hukutana na watoto kwanza. Siku moja tulisimama langoni tukitazama nani anapunguza mwendo. Wengi waliopunguza walikuwa wamekuja kuchukua watoto wao.

Wapo wanaosema 30 ni mwendo wa kobe. Ndugu mgeni rasmi, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hula mita 14 hivi kwa sekunde moja, kabla mguu wa dereva haujagusa breki. Kwa 30 ni mita 8. Na mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kufunga breki hadi gari lisimame huongezeka mara nne. Wadogo zetu wa madarasa ya chini hawaonekani nyuma ya gari lililoegeshwa, wala bado hawajui kukadiria kasi ya gari linalokuja. Duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29.

Kwa hiyo tunaomba kamera ya mwendo, lakini isiwe ya kuvizia. Kamera iliyofichwa kichakani humfundisha dereva siku barua ya faini inapomfikia, nasi tulivuka zamani. Tunataka iliyo wazi, yenye kibao cha kumtahadharisha dereva mapema. Ikimaliza mwezi bila kunasa mtu, tutapiga vigelegele. Saa zake nazo zifikiriwe: kamera za shule jijini New York, zilizoanza mwaka 2013, mwanzoni zilifuata saa za masomo, tangu Agosti 2022 zinafanya kazi usiku na mchana. Sisi pia huja mazoezini Jumamosi.

Tunajua kamera ni gharama na itachukua muda. Matawi hayahitaji bajeti. Panga lipo stoo, tunaomba ruhusa tu.

Kengele ya kutoka ikilia leo, tunakuomba usimame nasi langoni dakika kumi kabla hujapanda gari lako.

Tunaomba kuwasilisha.