Jumamosi: kioo cha kumimina na mapambo ya kale

Assalam alaykum ndugu zangu. Jumamosi baada ya Alasiri tukutane barazani Malindi kama kawaida. Safari hii ni sanamu za kioo cha kumimina zinazotokana na mapambo ya kale, na nakuombeni mje, maana jambo hili ni letu.

Unguja Ukuu zimefukuliwa shanga za kioo zenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja, zilizoletwa na vyombo kutoka ng'ambo. Nyingine ni ndogo kama punje ya mtama. Msanii akilikuza umbo lile hadi likajaa mikono miwili, mwanga unaingia ndani: ukingoni, kioo kilipo chembamba, rangi inapauka, katikati inakoza mpaka karibu na weusi. Hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Masonara wetu wataitambua kazi. Unachonga nta, unaizungushia kalibu ya jasi na unga wa mchanga, unaitoa nta kwa mvuke, kisha vipande vya kioo vinayeyukia humo tanurini kwenye nyuzi 800 na zaidi. Kazi ngumu ni kupoza. Kioo kinene kikipoa haraka kinapasuka, kwa hiyo hupozwa kidogo kidogo, siku kadhaa, pengine wiki.

Mwenye kikuku, mtali au kipuli cha bibi aje nacho tukichore. Hakitatoka mkononi mwake, na picha ni kwa ruhusa yake tu. Wenzetu wa Pemba, niandikieni kabla ya Ijumaa nikuungeni kwa video.

Kahawa ipo; kashata mwenye kuweza alete.