Risala ya Watafiti Vijana kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Utafiti ya Chuo

Ndugu Mgeni Rasmi, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo,
Wakuu wa idara na walimu wetu,
Viongozi wa vikundi vya wakulima,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua ratiba yako inavyobana, na ombi letu la leo linahusu ratiba: muda tunaotumia kuwaeleza wananchi tafiti zetu uhesabike kuwa kazi.

Sisi ni wanafunzi wa uzamili na uzamivu pamoja na wahadhiri wasaidizi. Tunatengeneza podikasti ya Kiswahili kuhusu tafiti za mazao ya chakula. Vipindi tunaviweka mtandaoni, tunavituma kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima vikiwa vimepunguzwa ukubwa visimalize bando, na redio jamii huvirudia jioni.

Ndugu Mgeni Rasmi, kipindi kilichotufunza mengi kilihusu michirizi ya kahawia ya mihogo. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1936 na Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, Usambara. Tangu hapo makala zimejaa majaridani, lakini hadi leo mkulima anapanda pingili zenye virusi kwa kuwa shina na majani humdanganya. Hushtuka siku ya kuvuna: muhogo kwa nje mzuri, akiukata ndani anakuta mabaka makavu ya kahawia, hauliki wala hauuziki. Tulirekodi shambani, mtafiti akikata muhogo mmoja baada ya mwingine na kueleza anachokiona. Mama mwenye shamba akamuuliza: kama wanaoeneza ni nzi weupe, mbona ugonjwa umeanzia kwa jirani aliyeleta mbegu kutoka mbali? Jibu lake ndilo likawa kiini cha kipindi. Nzi weupe huupeleka ugonjwa masafa mafupi. Wanaousafirisha mbali ni sisi wenyewe, kwa kubebeana pingili. Bila swali la yule mama, tungetumia kipindi kizima kuzungumzia wadudu.

Wapo wanaosema mtafiti akienda redioni anapoteza muda wa maabara. Sisi hatukubaliani nao, na ushahidi wetu ni wa hapa hapa nchini. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ungali moto ukiganda kabla ya uliopozwa. Alipouliza sababu, alichekwa. Baadaye, akiwa Shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akauliza tena. Osborne hakulipuuza swali. Alirudi chuoni likajaribiwa, na mwaka 1969 wakachapisha makala kwa pamoja. Wanafizikia bado wanabishana kuhusu jambo hilo, na jina la Mpemba linatajwa dunia nzima. Mhadhiri yule alikwenda shuleni kutoa mhadhara, akaondoka na utafiti.

Ndugu Mgeni Rasmi, kinachotukwamisha ni saa. Tunarekodi usiku, madirisha yamefungwa na feni imezimwa ili sauti isiharibike, na kuhariri kipindi kifupi kunakula jioni nzima. Ukifika wakati wa kupandishwa vyeo, makala ya jarida ina alama zake, ila kipindi kilichosikilizwa vijiji vizima hakina hata mstari kwenye fomu. Wenzetu wawili hodari wameacha kwa sababu hiyo, nasi hatuwalaumu.

Hatuombi kila mtafiti awe mtangazaji. Tunaomba anayeifanya kazi hii atengewe saa katika mpango kazi wake wa mwaka, na kazi hiyo ipimwe wakati wa tathmini kama zinavyopimwa nyingine. Tunaomba pia kila andiko la mradi linalopita ofisini kwako liwe na fungu la kurudisha matokeo kwa wananchi, pembeni ya fungu la mbolea na kemikali. Chumba kimoja kisicho na kelele nacho kitatusaidia sana.

Wakulima walioko hapa wamekuja na maswali yao. Baada ya hotuba yako tunakuomba nusu saa uketi nao tukirekodi. Vipaza sauti viko tayari.

Tunaomba kuwasilisha.