Tusisingizie uzee, tutazame njia ya chooni

Ndugu Mhariri,

Mzee akianguka, maneno ni yaleyale: "Ni uzee tu, tutafanyaje?" Sisi tunaohudumia wazee huku Arua, Uganda, tunaona mambo mengine. Ukiuliza alianguka wapi na saa ngapi, mara nyingi utaambiwa ni usiku, kati ya kitanda na choo cha uani. Hapo hukutana sababu tatu nne kwa pamoja, na nyingi zinarekebishika bila gharama kubwa.

Tuanze na kuamka. Aliyelala akisimama ghafla, damu hushukia miguuni. Mishipa ya kijana hukaza mara moja. Ya mzee huchelewa, naye akaona kiza. Anayemeza dawa za presha au za kukojoza hupatwa zaidi. Kwa hiyo aketi kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, apandishe na kushusha nyayo mara kumi, kisha asimame huku ameshika kitu. Mkifika kliniki, ombeni apimwe presha akiwa amelala, halafu akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, daktari azitazame upya dawa zake. Msizikatishe wenyewe. Dawa ya kukojoza, daktari akikubali, inywewe asubuhi. Ikinywewa jioni ndiyo inayomwamsha usiku kucha. Na vile vidonge vya usingizi na piriton (dawa ya mafua na mzio) vinavyonunuliwa dukani bila cheti humwacha mzee akiyumba hadi asubuhi.

Choo chenyewe ndicho chenye kazi. Fundi wetu hupenda kuisugua slabu, yaani sakafu ya zege ya choo, mpaka ing'ae, na mwenye nyumba hufurahi. Ikimwagikiwa maji, slabu hiyo huteleza vibaya sana. Kama bado mnajenga, mwambieni fundi aiburuze fagio ngumu kabla saruji haijakauka, ibaki na mikwaruzo. Kama ilishakauka, aigongegonge kwa tindo na kupaka plasta ya mchanga na saruji isiyolainishwa.

Halafu mshikio. Mzee wa kuchuchumaa hushindwa wakati wa kuinuka, maana mapaja hayana nguvu ya kumnyanyua, hivyo anahitaji kitu cha wima cha kujivutia. Bomba la chuma la inchi moja na nusu hushikika vizuri. Likae upande wa mkono wake wenye nguvu, mahali anapolifikia akiwa amechuchumaa bila kujinyoosha. Msichimbe nguzo karibu na mdomo wa shimo, kwa sababu ukingo unaweza kubomoka. Lifungwe ukutani kwa bolti zinazotokea upande wa pili, na huko ziwekewe kibati kipana. Misumari kwenye tofali la udongo itachomoka siku ileile atakapoiegemea kwa uzito wote. Kabla mzee hajatumia, kijana mzima aning'inie hapo kwanza. Kamba ya kuanikia nguo si mshikio, ingawa tumeona nyumba nyingi zinaihesabu hivyo.

Asiyeweza tena kuchuchumaa atengenezewe kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, chenye urefu wa sentimita 45 hivi, nyayo zikanyage chini zote. Miguu ya kiti itanuke kuliko kikalio, la sivyo kitapinduka akiegemea ukingo. Usiku wa mvua, ndoo yenye kifuniko chumbani ni bora kuliko ujasiri wa kuvuka ua wenye tope. Taa ya sola ikae anapoifikia akiwa bado kitandani. Ndara zilizolika nyayo zitupwe, avae viatu vyenye mkanda wa nyuma, na pindo la gomesi, lile vazi refu la wanawake, lipandishwe lisiburure chini.

Kuhusu mkongojo, karibu kila mtu anaushika upande usio wake. Goti la kulia likiuma, fimbo ikae mkono wa kushoto, itangulie pamoja na mguu wa kulia, ili uzito ugawane kati ya mguu mbovu na mkono wa upande wa pili. Kipimo chake: mzee asimame wima na viatu vyake, mikono ikining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Ikizidi hapo bega hupanda, ikipungua ataenda ameinama. Chini ivishwe mpira. Kipande cha tairi kilichofungwa imara kinafaa, na kikilika kibadilishwe.

Nguvu za mapaja hupimika nyumbani. Mzee aketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30, mtu akiwa karibu naye. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 10, au mwanamume wa umri huo asiyefikisha 12, yuko katika hatari. Dawa ni zoezi hilohilo, kwanza akisaidiwa na mikono, angalau siku tatu kwa wiki, pamoja na kuinukia vidole na kutembea kisigino mbele ya vidole kando ya ukuta. Kumwambia "kaa tu, mzee, usihangaike" ndiko kunakommaliza misuli.

Akianguka, msimnyanyue kwa makwapa. Mwacheni atulie, mwulizeni panapouma. Kama hana maumivu makali, ageuke ubavu, apige magoti na mikono, atambae hadi kwenye kiti, aweke mikono juu yake, akanyage kwanza kwa mguu wenye nguvu, ainuke na kugeuka kuketi. Lakini mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, au kinena kinauma asiweze kukanyaga, hesabuni nyonga imevunjika. Hapo msimpakie boda boda katikati ya watu wawili, na msimpeleke kwa fundi wa mifupa amvute. Wekeni blanketi lililokunjwa kati ya miguu, ifungeni pamoja kwa kanga, mlazeni juu ya ubao wa mlango uliong'olewa au godoro, tafuteni pikapu. Anahitaji eksirei na, mara nyingi, upasuaji.

Aliyegonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda aende hospitali hata kama anaongea vizuri. Wengine waangaliwe kwa wiki kadhaa: kuumwa kichwa kunakozidi, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja huweza kutokea baadaye, damu ikijikusanya polepole. Na mzee ambaye hakuwa akianguka, akaanza ghafla, apimwe malaria, mkojo na sukari kabla hamjamtafuta aliyemroga.

Tunalo ombi kwa wenyeviti wa LC1 (baraza la kijiji) na wanaosimamia malipo ya SAGE, ile posho ya serikali kwa wazee. Wanaopanga foleni ya malipo hayo ni wazee wa umri mkubwa, nao husimama juani muda mrefu. Wekeni mabenchi kivulini, maji ya kunywa, na choo chenye mshikio. Waitwe kwa majina wakiwa wameketi, na wapewe muda wa kusimama polepole.

Wahudumu wa viungo na wauguzi,
Arua